Mama Katibu na Mdhamini Asiyekosa Mkutano

Mama Katibu hakuwahi kukaa kitini kabla akidi haijatimia. Katiba ya chama chetu ilisema wanachama kumi na mmoja ndio wanaofanya mkutano uwe mkutano, na kama tulikuwa kumi, yeye alisimama. Sisi wengine tulikuwa tumeshaketi juu ya magunia, tunapukuchua maharage na kusengenya, naye yuko mlangoni na daftari kwapani, macho barabarani. Ukimwambia, "Mama Katibu, kaa basi, miguu itakuuma," alijibu bila kugeuka, "Nikae wapi? Mkutano bado haujawepo."

Siku moja mvua ilinyesha tangu asubuhi, tukawa kumi kamili. Akatoka na mwavuli wake uliokatika mbavu mbili, akamnasa mwanachama mmoja aliyekuwa anapita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Yule mama alilia kwamba ng'ombe wake hajala. Mama Katibu akamwambia, "Utakaa robo saa tu, na majani yako usiyatue, maana ukiyatua utakuja kusema umechelewa kuyabeba." Basi aliketi katikati yetu na majani yake kichwani yanachuruzika maji, akanyoosha mkono kukubali tununue mkanda mpya wa mashine, akaondoka. Mkanda ule tuliuita mkanda wa ng'ombe mpaka ulipokatika.

Mashine ndiyo iliyokuwa mali yetu pekee ya maana, mashine ya kusaga, ndani ya kibanda cha mabati hapa kwetu Kibosho. Kabla yake tulikuwa tunashuka mjini Moshi na mahindi kichwani na kupanda mlima na unga. Wanaume walituambia kutembea ni afya, nao wakabaki kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, kutunza afya zao kwa njia nyingine. Mtu ambaye hajapandisha debe la unga kwa barabara ile ya mawe, na mtoto mgongoni, hawezi kujua jinsi tulivyoipenda mashine ile. Tulipoisikia ikinguruma mara ya kwanza, wengine tulicheza na wengine tulilia, na Mama Katibu aliuliza leseni yake itatundikwa ukuta gani.

Sijui alizaliwa wapi wala ukoo wake ulitokea kilima gani, na sina haja ya kujua. Ninachojua ni kwamba ujanani alipanga mafaili mahakamani, akaona kwa macho yake watu wazuri wakipoteza vitu vizuri kwa sababu karatasi moja haikuwa na sahihi. Alikuwa mrefu, mwembamba, na kalamu aliifunga kwa uzi ikaning'inia shingoni pamoja na rozari, hata siku nyingine kanisani alikuwa anashika kalamu akidhani ni msalaba. Ukimwamkia, "Shikamoo mama," alikujibu, "Marahaba. Barua yako haina tarehe." Mimi nilikuwa katibu msaidizi, nimechaguliwa kwa sababu ya mwandiko mzuri, na tarehe ndiyo iliyokuwa ugonjwa wangu. Nilikuwa naandika, "Leo tumekutana." Yeye ananirudishia karatasi. "Leo ipi?"

Leseni ya mashine aliitundika mkabala na mlango, ndani ya kioo, kwa kuwa imeandikwa humo humo kwamba lazima ionekane. Lakini kuonekana hakukumtosha. Kila aliyekuja kusaga alitakiwa aisome. Wasiojua kusoma aliwasomea, akifuata neno kwa neno kwa kijiti cha kukorogea mbege. Miaka ile tulikuwa na darasa la elimu ya watu wazima, na mwalimu wake alitushangaa sana: bibi asiyejua kuandika "kuku" alikuwa anasoma "haihamishiki kwa mtu mwingine" bila kukwama. Mjukuu akitaka kuvaa viatu vya nduguye, bibi yule alimwambia, "Haihamishiki."

Mizani nayo ilitakiwa ikapimwe na kugongwa chapa mjini kila mwaka. Wenzetu wa vibanda vingine walikuwa wanaacha, wanasema mizani yao ni ya kweli, Mungu anaona. Mama Katibu alisema Mungu hana nyundo ya chapa. Akaibeba yetu mgongoni kwa kanga kama mtoto, na kofia ya sufu akaivisha juu vumbi lisiingie, akashuka nayo kwa miguu mpaka mjini. Njiani padre akasimamisha pikipiki, akataka kumbariki mtoto. Mama Katibu hakutaka kumkatisha mtu wa Mungu katikati ya kazi, akangoja mpaka mwisho, akasema, "Asante baba. Sasa hata wakinikatalia chapa, ameshabarikiwa." Padre aliinua kofia, akakuta chuma. Alilisimulia jambo hilo katika mahubiri, hakutaja jina, lakini kanisa zima liligeuka kumwangalia.

Msifikiri alikuwa mtakatifu wa sheria. Baiskeli yake haikuwa na leseni. Alipokwenda kuilipia, karani wa huko alimwambia alete mumewe, ndiye atakayeandikwa mwenye baiskeli. Mama Katibu alirudi nyumbani na baiskeli yake na hasira yake, na tangu siku ile, kila alipokaribia mahali askari wanaposimama, aliteremka na kuisukuma. Nilimtania, "Mama Katibu, na wewe unavunja sheria?" Akasema, "Mimi natembea. Baiskeli inanisindikiza." Alipovuka kona alipanda tena, gauni amelikunja, anacheka peke yake.

Na kulikuwa na lile kosa lingine, kubwa kuliko baiskeli, ambalo tulilifanya sote na yeye akaliandika kwa mwandiko wake.

Mashine ilikuwa imeandikwa kwa majina ya wadhamini watatu. Wa kwanza wao alikuwa Mama Filomena, mwanamke mnene wa kicheko, ndiye aliyekuwa amezunguka nyumba kwa nyumba kutushawishi tuanzishe chama. Alikuwa rafiki wa Mama Katibu wa kugawana hata chumvi. Akafa wakati wa masika, ghafla, akazikwa kihambani kwake katikati ya migomba na kahawa. Mkutano uliofuata, Mama Katibu akaita majina kama kawaida. Akafika kwenye lile jina. Jina lilikuwepo daftarini, mdomo wake ukalisema kabla hajaweza kuuzuia. "Filomena."

Mikono yetu ikasimama juu ya maharage. Kisha wifi yake Filomena, aliyekuwa ameketi karibu na mashine, akasema polepole, "Yupo."

Namkumbuka Mama Katibu na kalamu yake hewani. Aliyekuwa anarudisha barua kwa kukosa tarehe, aliyekataa udhuru wa mdomo hata kwa mwanamke aliyejifungua alfajiri! Akainamisha kichwa, akaweka alama ya kuhudhuria. Sote tukashusha pumzi, na nasema kweli, nilisikia vizuri moyoni, kama vile Filomena ameingia na kusogeza watu kwenye gunia.

Mwezi uliofuata ikawa hivyo hivyo. Aliitwa, wifi akajibu, alama ikawekwa. Baada ya muda hatukuona tena ajabu. Gunia lake liliachwa wazi, na mtu mgeni akitaka kulikalia tulimwambia lina mwenyewe. Siku moja tulikuwa kumi tu, na Mama Katibu akaketi. Nikahesabu tena kwa jicho, nikaelewa nani ni wa kumi na moja, nikanyamaza. Mimi mwenyewe, katika muhtasari wa siku hiyo, nilipokosa kukumbuka nani aliunga mkono hoja ya kupaka kibanda chokaa, niliandika: Mama Filomena. Alikuwa anapenda usafi.

Kilele kilikuwa sabuni. Ilikuwa ile miaka ya kupanga foleni, sabuni ikionekana dukani watu wanaitana kilima hadi kilima. Chama kikapata mche mmoja, tukaamua apewe mwanachama aliyehudhuria vizuri kuliko wote. Mama Katibu akafungua daftari, akapitisha kidole, akakohoa. Filomena hakuwa amekosa hata mkutano mmoja. Walio hai walikuwa na malaria, na misiba, na ng'ombe waliozaa. Yeye hakuwa na la kumzuia. Tukaangaliana. Mmoja akaanza kucheka, akajiziba kwa kanga, na hapo tukapasuka wote, tukacheka mpaka tukalala juu ya magunia. Lakini sabuni alipewa. Wifi yake aliipokea, akaenda akausugua msalaba wa kaburi mpaka ukang'aa, na iliyobaki akafulia shuka. Hakuna aliyelalamika.

Kila mwaka Mama Katibu alituma kwa Msajili taarifa ya chama na majina ya wadhamini, na kila mwaka aliandika matatu. Katiba yetu ilisema mdhamini akifariki, nafasi ijazwe ndani ya siku thelathini. Alikuwa akiijua ibara ile kwa kichwa. Ilipita miaka mitatu.

Mwenyekiti wa kijiji naye alikuwa anaijua. Alikuwa ameitamani mashine yetu siku nyingi, anasema mali ya watu wachache haifai, iwe ya kijiji, yaani funguo zikae mfukoni mwake. Akagundua kwamba jina la Filomena bado linatumwa kwa Msajili, akawaandikia wakubwa. Ikaja barua: ofisa wa usajili atafika baada ya siku tisa, wadhamini wote watatu wawepo, wasaini mbele yake. Ikionekana chama hakina wadhamini halali kitafutwa kwenye daftari, na mashine itakabidhiwa kijiji.

Tulikutana siku ile ile, na hofu ikatupa akili za ajabu. Mmoja akasema wifi avae gauni la Filomena na kujazia mto tumboni. Wifi alikuwa tayari. Mwingine akasema tuifungue mashine vipande vipande, kila mmoja akafiche kipande chake chini ya kitanda. Mimi ndiye niliyetoa wazo lililowapendeza wote, na ninaona haya mpaka leo. Nilisema tuandike muhtasari wa miaka mitatu iliyopita, kwamba tulimchagua mdhamini mpya mara tu baada ya mazishi. "Kalamu ipo, karatasi ipo, na waliohudhuria ndio sisi. Nani atajua? Hata tarehe nitaweka."

Wakapiga makofi. Mama Katibu alikuwa amesimama bado.

"Miaka yote hii nakuomba tarehe," aliniambia, "na siku unayoiweka, ni ya uongo."

Nikasema, "Mama Katibu, hata Filomena ni wa uongo. Wewe ndiye uliyemwandika."

Nilijuta kabla sijafunga mdomo. Aliketi, mara ya kwanza nikimwona anakaa bila kuhesabu watu.

"Mimi ndiye," alisema. "Lile niliandika kwa uchungu. Hili tutakuwa tumeliandika kwa akili zetu timamu. La kwanza naweza kumweleza mtu. Hili nitamweleza nani?" Akafuta pua kwa ncha ya kanga, akainuka. "Taarifa ya mkutano wa dharura ni siku saba. Tuna tisa. Nani ana karatasi?"

Siku ya saba tulikutana, na hakuna aliyekosa. Mwenye ng'ombe wa majani alikuja wa kwanza. Majina yakaitwa. Alipofika kwa Filomena, wifi akafungua kinywa. Mama Katibu akamwangalia kwa upole, wifi akasema, "Hayupo," akaanza kulia, tukalia wote, msiba wa miaka mitatu ukamalizika siku hiyo ndani ya kibanda cha mashine. Halafu tukampigia kura mdhamini mpya, sahihi zikawekwa, na Mama Katibu akaandika tarehe ya siku ile ile.

Ofisa alikuja kwa Landrova, kijana wa kutoka Kanda ya Ziwa, suruali imejaa vumbi letu. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshafika, amevaa shati lililopigwa pasi, kufuli mpya mkononi. Kufuli ile iliniuma kuliko barua.

Ofisa akafungua daftari. "Filomena ni nani hapa?"

Mama Katibu akasimama. "Ni marehemu. Yuko kihambani kwake, mwaka wa tatu sasa."

"Humu anahudhuria."

"Ndiyo, mzee." Alimwita mzee, kijana yule, kwa ajili ya serikali aliyoibeba kwenye mkoba.

"Humu ameunga mkono hoja ya chokaa!"

"Hiyo ni ya msaidizi wangu," alisema Mama Katibu, "lakini niliisaini mimi."

Nilitaka ardhi ipasuke. Ndipo wifi yake Filomena akapita mbele, akapiga goti, akampa ofisa jani la isale kwa mikono miwili. Kwetu mtu akikuletea isale ameomba msamaha, na kumkatalia ni jambo zito sana. Ofisa akalipokea vizuri, akaligeuza upande wa pili kutafuta maandishi. Dereva wake, Mchagga, akapaza sauti kutoka dirishani: "Bosi, hapo umeshawasamehe! Ukilipokea basi!"

"Sijasamehe mtu," alisema ofisa, amelishika jani kama mtoto mchanga wa mtu mwingine. "Mama, mimi hili nitaliweka faili gani?"

"Hilo ni la kwetu," Mama Katibu akasema. "La kwako ni hili."

Akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na barua ya kukiri, kila kosa na ibara yake: kutojaza nafasi ndani ya siku thelathini, taarifa tatu za mwaka zisizo sahihi, mahudhurio ya mtu asiyehudhuria, mkutano mmoja uliokosa akidi. Muhtasari wa uchaguzi mpya, sahihi za wadhamini, nakala mbili. Na mwisho, barua yake ya kujiuzulu. Ofisa alisoma akiwa amesimama, kisha akavuta gunia, gunia la Filomena, akakaa. Hatukumzuia. Aliposoma kipengele cha sabuni, kwa maana Mama Katibu aliiweka pia, mabega yakaanza kumtikisika.

Mwenyekiti wa kijiji akasema, "Ofisa, wamekiri wenyewe. Kijiji kinachukua."

"Sawa," akasema ofisa, anafuta macho. "Nipe muhtasari wa mkutano wa kijiji ulioamua hivyo."

Mwenyekiti akaangalia kufuli yake.

"Na akidi," akanong'ona Mama Katibu, hakuweza kujizuia. "Muulize na akidi."

Vigelegele! Nimeona harusi nyingi, lakini sijaona furaha kama ya siku ile. Mashine ilibaki kwetu. Tuliiwasha bila hata punje ya mahindi ili tu tuisikie, tukacheza kwa mngurumo wake, na dereva akacheza na sisi. Chama kilipewa onyo la maandishi. Kujiuzulu kwa Mama Katibu kulikubaliwa, na hapo ndipo nilipoacha kucheza, kwa sababu aliyechaguliwa mahali pake ni mimi.

Wengine wangeona aibu. Yeye alilichukua lile onyo, lina muhuri na tarehe, akalitia kwenye kioo, akalitundika kando ya leseni. "Nalo lionekane," alisema. Wateja wakawa wanasoma vyote viwili. Akawa mwanachama wa kawaida, yaani adhabu yangu ya kila mwezi: anakaa mstari wa mbele, ananyoosha mkono, "Katibu, muhtasari uliopita una yatokanayo saba, umesoma sita."

Mara ya mwisho kumwona alikuwa amehamia kwa bintiye kule Shirimatunda, chini karibu na mji, moyo umechoka kupanda mlima. Nilimletea ndizi za mtori na maziwa. Nilimkuta kitandani, mwembamba kuliko kalamu yake, na baiskeli imeegemezwa ukutani, bado haina leseni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Katibu. Umekuja na muhuri?"

Nilicheka, nikasema nimekuja na ndizi. Akasikitika kweli kweli. Kisha akaingiza mkono chini ya mto, akatoa karatasi mbili zilizokunjwa, mwandiko umetetemeka lakini mistari imenyooka. Akanipa moja nisome kwa sauti.

"Kwa Katibu. Yahusu: udhuru. Naomba radhi kwamba sitahudhuria mkutano ujao na mikutano yote itakayofuata. Naomba jina langu liondolewe kwenye orodha mapema, lisiitwe, wala mtu asiniitikie. Najua mtapenda kufanya hivyo. Mimi pia nilipenda. Ikitokea sabuni, apewe aliye hai."

Sikuweza kusoma mpaka kwenye sahihi yake. Alinipa muda, hakuniharakisha. Halafu akanipa ile karatasi ya pili, nakala, akaivua kalamu shingoni na kunishikisha. Kwa machozi yangu nikaandika pembeni, Imepokelewa, nikaweka sahihi, nikamrudishia.

Aliisogeza karibu na macho, akaisoma, akanirudishia.

"Tarehe," alisema.

Nikaandika.